Filimbi ya Dordrecht na Kinubi cha Kapkatet: Dhidi ya Dai la Uasilia Jukwaani

Mtaala wa umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio nchini Kenya mwaka 2017, unamtaka mwanafunzi wa shule ya msingi ajifunze kupuliza rekoda, ile filimbi ya plastiki yenye matundu saba mbele na moja nyuma. Agizo hilo halibagui mahali. Linamhusu mtoto wa Boito, katika Konoin, ambako nyumba nyingi hutegemea majani-chai yanayochumwa asubuhi na kupimwa kituoni, sawasawa na linavyomhusu mtoto wa Nairobi au Mombasa. Ufikapo msimu wa mashindano ya muziki, mtoto huyohuyo wa Boito huvishwa mavazi ya ngozi na shanga, hupandishwa jukwaani, na kutakiwa aimbe wimbo wa Kipsigis kama ulivyokuwa. Hakuna anayemtaka apulize rekoda kama ilivyokuwa.

Tofauti hiyo ndogo inabeba jambo kubwa, na ndilo linalokusudiwa kupingwa hapa. Katika mijadala ya fasihi simulizi, na zaidi katika hukumu za majaji wa sanaa za maonyesho, limejengeka dai kwamba muziki wa kale wa Kiafrika una thamani pale tu unapotendwa bila kuguswa. Kwamba fanani wa leo ni mlinzi wa ghala, na kila anachokiongeza ni wizi au uchafuzi. Dai hili huitwa uasilia. Linavaa joho la heshima kwa wazee, na kwa sababu hiyo wengi huona haya kulipinga. Lakini likitazamwa kando ya yale wanayoyatenda Wazungu kwa muziki wao wenyewe wa kale, huonekana kwamba ni sheria iliyotungwa kwa ajili ya upande mmoja tu wa dunia.

Inafaa kuanza na hiyo rekoda. Jamii ya filimbi hizo ilikuwapo Ulaya katika Enzi za Kati. Mwaka 1940 ilipatikana moja huko Dordrecht, Uholanzi, katika magofu ya ngome iliyokaliwa na watu kati ya karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 15. Ni ya mti, fupi, na mahali pake pa kukatia pumzi pameharibika, kwa hiyo hakuna aliye hai aliyewahi kuisikia sauti yake. Mafundi wa leo wanaotengeneza nakala zake hulazimika kuamua wenyewe filimbi hiyo ililiaje, na maamuzi yao hayafanani. Ile inayouzwa madukani Kericho na Bomet haikutoka hata kwenye kisukuku hicho. Arnold Dolmetsch, fundi mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Uingereza, aliifufua ala hii mwaka 1919 kwa kufuata vielelezo vya karne ya 18. Muda si mrefu Peter Harlan, fundi wa Ujerumani, akabadili mpangilio wa vidole ili kuwarahisishia wanaoanza. Kisha viwanda vikaleta plastiki. Jina ni la Enzi za Kati, umbo la ndani ni la karne ya 18, malighafi ni ya karne ya 20. Na mtoto wa Boito anapoanza na noti za B, A na G, anafundishwa kwamba hii ni ala, basi. Hapewi onyo lolote kuhusu uasilia wake.

Hali ya muziki wenyewe ni tata zaidi. Yeyote anayetaka kuandaa tamasha la muziki wa filimbi wa Enzi za Kati hukutana mara moja na ukweli mchungu: muziki ulioandikwa mahususi kwa ajili ya filimbi katika enzi hizo haupo. Zipo picha. Miswada ya Cantigas de Santa Maria ya karne ya 13, iliyoandaliwa katika ufalme wa Castile, imechorwa wapulizaji wa filimbi za ubavuni. Yapo majina: mshairi Guillaume de Machaut wa karne ya 14 anazitaja filimbi katika orodha zake ndefu za ala. Na zipo tuni za ngoma, zile ziitwazo estampie, zilizohifadhiwa katika mswada mmoja maarufu wa Paris na mwingine uliomo London. Lakini tuni hizo ni mstari mmoja mtupu wa noti. Hazisemi ala gani ipige, kwa kasi gani, wala kama kuna ngoma inayosindikiza. Johannes de Grocheio, aliyeandika Paris yapata mwaka 1300, alizihusisha kwanza na vielle, ala ya nyuzi inayopigwa kwa uta. Na akaongeza, kwa uzito wote wa mwanachuoni, kwamba ugumu wa estampie huzizuia akili za matajiri zisiwaze maovu. Hakuna mwandaaji wa tamasha anayeitangaza faida hiyo siku hizi.

Kwa hiyo hadhira ya London au Köln inaponunua tiketi, ikaketi kimya gizani na kusikiliza filimbi ikipiga estampie, karibu kila inachokisikia baada ya mfululizo wa noti ni ubunifu wa fanani aliye hai. Uchaguzi wa ala ni wake, mapambo ni yake, na utangulizi ameutunga mwenyewe. Hata kule kuketi kimya ni adabu iliyozoeleka karne nyingi baadaye. Na kazi hiyo husifiwa. David Munrow, aliyeanzisha Early Music Consort of London mwaka 1967 na kufariki mwaka 1976 angali kijana, aliwafanya Waingereza wengi waupende muziki wa Enzi za Kati kwa umahiri wake wa rekoda na kwa ala alizozikusanya kutoka pande mbalimbali za dunia, zikiwamo filimbi za Peru alikowahi kufundisha. Thomas Binkley na wenzake wa Studio der frühen Musik walipokosa kujua jinsi nyimbo za Ulaya ya kale zilivyosindikizwa, waliazima mbinu za wanamuziki wa Afrika ya Kaskazini.

Hapa yafaa kusimama kidogo. Fundi wa Morocco wa karne ya 20, mwenye mwalimu wake, mtindo wake na redio nyumbani kwake, aligeuzwa kuwa shahidi wa yale yaliyotendwa Ulaya miaka mia saba kabla yake. Si kwamba Binkley alikuwa mwizi. Rekodi zake ni nzuri, na dhana ya uhusiano kati ya Andalusia na Ulaya ya Kikristo ina historia ya kweli nyuma yake. Tatizo ni kwamba hoja yake husimama tu iwapo itakubaliwa kuwa muziki wa Mwafrika hausogei. Mwafrika amesimama pale Ulaya ilipokuwa zamani, na Mzungu anaweza kwenda kumtazama kama mtu atazamavyo picha ya babu yake.

Nchi ya Kericho nayo ina ushahidi wake wa fikra hiyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wakipsigis huko Kapkatet, katika wilaya iliyokuwa ya Kericho. Miongoni mwa rekodi hizo zimo nyimbo tatu ziitwazo Chemirocha, mojawapo ikiwa imeimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis kwa kinubi kiitwacho chepkong. Jina Chemirocha limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika hadi nchi ya Wakipsigis. Katika maelezo yake, Tracey aliueleza wimbo wa wasichana kuwa unamhusu kiumbe nusu mtu nusu paa, na akamlinganisha na Pan, mungu wa Wayunani mwenye miguu ya mbuzi, mwenye filimbi yake ya matete. Maelezo hayo yamenukuliwa na kurudiwa kila mahali, na ni kwa ajili yake hasa kwamba wimbo huo unajulikana nje ya Kenya.

Tracey anastahili haki yake. Bila mashine yake sauti zile zisingekuwapo leo. Lakini yatazamwe aliyoyasikia. Mbele yake walisimama wasichana waliokuwa wakishughulika na jambo jipya kabisa katika maisha yao, sauti ya mtu asiyeonekana itokayo kwenye sanduku. Wakalichukua jina lake, wakalipa umbo la lugha yao kwa kulianzisha na sauti za Chemi-, wakampa mwili, wakamkaribisha ngomani. Ni kazi ya utungaji ya kisasa kwa kila kigezo. Tracey akasikia Uyunani ya kale. Palipokuwa na santuri yeye alisikia filimbi ya Pan.

Sasa na waulizwe watetezi wa uasilia: wimbo huo ni wa asili au si wa asili? Ukiimbwa leo jukwaani na shule ya Bomet, utahesabiwa kuwa urithi wa Kipsigis, na ni haki. Lakini uliingia katika urithi huo kwa kitendo kilekile ambacho leo kinakatazwa, yaani fanani kuchukua kitu kigeni na kukifanyia atakavyo. Kama mwaka 1950 angalikuwapo jaji mwenye karatasi ya maksi, akina Chemutoi wangaliondolewa mashindanoni. Ingalisemwa kwamba wameiga Wamarekani.

Mashindano ya muziki ya Kenya, yenye mizizi katika sherehe za walowezi za miaka ya 1920, hutenga nyimbo za asili katika daraja moja na nyimbo za asili zilizopangwa upya katika daraja jingine. Mgawanyo huo una manufaa yake ya kiutawala. Kiuhakiki ni uongo. Wimbo wa jando au wa unyago uliokatwa ukawa wa dakika chache, ukatolewa usiku ukaletwa mchana, ukageuziwa majaji badala ya kugeuziwa wanaohusika, ukaimbwa na watoto waliofundishwa na mwalimu ambaye pengine hakukulia katika lugha hiyo, umekwisha kupangwa upya kabla mtu hajabadilisha hata noti moja. Penina Mlama aliwahi kuonyesha, kuhusu vikundi vya taifa vya ngoma nchini Tanzania, jinsi sanaa inavyokatwa kutoka kwa wenyewe pindi inapogeuzwa kuwa pambo la wageni. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971, ilikabiliwa na tatizo hilohilo tangu siku ya kwanza, na angalau pale ukumbi wenyewe hukiri kwamba ni ukumbi. Daraja la nyimbo za asili halikiri kitu.

Wanafasihi wa Kiswahili hawana sababu ya kuushangaa ugonjwa huu, kwa kuwa umewahi kuwakamata. Katika mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 na 1980, walioshikilia vina na mizani walizungumza kana kwamba sheria hizo zilishuka pamoja na lugha. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na Kahigi na Mulokozi walipotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, waliambiwa kwamba wameliacha jadi. Lakini kitabu kilichoziratibu sheria zenyewe, Sheria za Kutunga Mashairi cha Amri Abedi, kilichapishwa mwaka 1954. Na ukirudi nyuma zaidi, hadi kwa tumbuizo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, unakuta bahari ambayo haitii kanuni za shairi la mishororo minne hata kidogo. Kilichotetewa kama kale kilikuwa kale ya juzi.

Liyongo mwenyewe ni mfano wa karibu kuliko estampie za Paris. Maneno ya nyimbo zake za gungu yapo, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kunakiliwa na wengi. Kisa chake kilichapishwa na Steere mwaka 1870 na kutungiwa utenzi na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Kisa kinategemea muziki: ni kelele za ngoma ya gungu zinazoficha sauti ya tupa inayokata pingu. Lakini muziki huo haukuandikwa mahali popote. Atakayetaka kuutenda mbele ya hadhira ya leo atakuwa katika hali ileile ya mpuliza filimbi wa Köln, ana maneno na hadithi, na kimya kikubwa katikati. Kijumwa, aliyekuwa mwanamuziki na mchongaji mbali na kuwa mshairi, hakukiogopa kimya hicho. Alitunga.

Hata ala za kupuliza za zama hizo pwani inazo. Ibn Battuta aliyaona mabaragumu na pembe katika msafara wa sultani wa Mogadishu mwaka 1331. Watu wa Vasco da Gama walipofika Malindi mwaka 1498 walishangazwa na pembe mbili za ndovu zilizochongwa, ndefu kama kimo cha mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni. Ndizo siwa. Ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu zinatazamwa leo katika Makumbusho ya Lamu, na zikiwa pale zimetimiza masharti yote ya uasilia. Hazikuguswa, hazikubadilishwa, na hazilii.

Pingamizi litakalotolewa linajulikana. Itasemwa kwamba Ulaya inaweza kuchezea kale yake kwa sababu haikunyang'anywa, na kwamba muziki wa Kipsigis umebaki kidogo mno kuweza kufanyiwa majaribio. Kwamba misheni, shule, na mashamba ya chai yaliyotwaa ardhi ya Wakipsigis yalikwisha kuvuruga vya kutosha. Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na asiyeijibu hana haki ya kuendelea. Ni kweli kwamba upungufu upo. Ni kweli pia kwamba zipo sauti zisizofaa kufika jukwaani kabisa, kama zile za ala za jandoni ambazo wenyewe hawaruhusu zisikiwe na kila mtu. Hapo mwenye kauli ni jamii, na ubunifu hauna la kusema. Lakini pasipo na mwiko, uchache wa kilichobaki hautoi sababu ya kukigandisha. Estampie zilizobaki nazo ni chache mno, na zinasikika leo kwa sababu watu walithubutu kuzijazia.

Zaidi ya hayo, historia ya fani hiyo huko Ulaya inaonyesha mahali ambapo kosa la kweli hukaa. Katika miaka ya 1970 ilikuwa desturi kuzijaza nyimbo za kina Machaut filimbi, zeze na tarumbeta. Kisha Christopher Page na kundi lake la Gothic Voices, lililoanzishwa mwaka 1980, wakatoa hoja kwamba nyingi za nyimbo hizo ziliimbwa kwa sauti za watu peke yake, na ala zikanyamaza. Daniel Leech-Wilkinson, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu jinsi muziki wa Enzi za Kati ulivyobuniwa katika zama zetu, alionyesha kwamba mitindo yote miwili ilitegemea matakwa ya nyakati zake zaidi ya ushahidi. Richard Taruskin alikuwa amekwisha kusema, katika insha alizozikusanya mwaka 1995, kwamba kinachoitwa uhalisi wa kale ni ladha ya karne ya 20 iliyovishwa nguo za zamani. Hadhira ya Munrow haikuonewa kwa kusikilizishwa ubunifu. Ilionewa pale ilipoachwa iamini kwamba ubunifu huo ni historia.

Basi linalodaiwa ni kwamba fanani wa Konoin apewe uhuru uleule aliopewa Munrow, na abebe mzigo ambao Munrow hakubebeshwa ipasavyo. Kundi linalopanda jukwaani na wimbo uliotoka kwenye rekodi za mwaka 1950 liseme wazi, kwa karatasi au kwa mdomo, na kwa Kipsigis pia: wimbo huu ulirekodiwa Kapkatet na fulani, urefu tumeufupisha, ubeti huu tumeutunga sisi, filimbi haimo katika rekodi, tumeiongeza kwa sababu wachungaji walipuliza filimbi, sehemu hii mzee mmoja alituambia si sahihi, nasi tumeiacha kwa sababu hii. Majaji nao wapime ubora wa uamuzi, jinsi wimbo unavyoishi mbele ya watu waliopo, na ukweli wa maelezo. Kipengele cha uasilia kifutwe kwenye karatasi zao, kwa kuwa hakuna jaji aliyewahi kusikia hicho anachokitolea maksi.

Kazi hiyo inahitaji rekodi zipatikane, na hapa idara za fasihi haziwezi kunawa mikono. Rekodi za Tracey zinahifadhiwa ILAM, maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954 na ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Katika miaka ya 2010 ILAM, pamoja na mradi wa Singing Wells wa Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla Music ya London, walizirudisha nakala kwa Wakipsigis, na wazee waliosikiliza waliweza kuyajadili maneno ambayo kwa miaka sitini na zaidi yalijulikana duniani kwa tafsiri ya Tracey pekee. Hilo lilitendwa na maktaba na studio. Vyuo vikuu vinavyofundisha fasihi simulizi kila muhula havikuongoza safari hiyo, na matini kamili ya Chemirocha, yenye maneno ya Kipsigis, fasiri ya Kiswahili na maelezo ya wenyewe, haimo katika vitabu vya kiada ambavyo mwalimu wa Boito hupewa pamoja na zile rekoda.